Pindueni Hiyo Nguo

Kwa miaka miwili nimekuwa nikilipwa mia tano kuandika uongo. Ni zile kadi ndogo zinazobandikwa kando ya nguo wanafunzi wa mitindo wanapoonyesha kazi zao mwisho wa mwaka. Kichwa huwa kimoja: Msukumo. Mwanafunzi ananirushia picha ya gauni kwa WhatsApp, ananitumia pesa kwa M-Pesa, nami namtafutia nyanya aliyekuwa akisuka vikapu, au machweo ya Turkana, au roho ya morani. Nyanya wengi wa kwenye kadi zangu hawakuwahi kuzaliwa.

Hii kazi niliipata kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilisomea ubunifu wa mavazi hadi mwaka wa tatu, karo ikanilemea, nikatoka. Nilibaki na mkono wa kuandika na jicho la kutazama mshono. Hivi viwili viliishi pamoja kwa amani mpaka mwaka jana, kwenye onyesho la chuo kimoja hapa Nairobi.

Majaji walikuwa watatu, wote watu wa fasheni wenye majina. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Tuzo ilikuwa cherehani ya kiwandani na miezi mitatu ya kujifunza kazi kwenye karakana ya mmoja wa majaji. Kama hujawahi kuishi kwa sindano, acha nikwambie: cherehani kama hiyo ni tofauti kati ya kushona na kuomba kushona.

Kati ya wale kumi na wawili kulikuwa na dada mmoja tuliyeanza naye mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimemwambia nitamwandikia kadi bure. Akakataa. Alisema koti lake litajisemea.

Koti lenyewe alilitoa kwa suti mbili za kiume za mtumba alizonunua Gikomba. Alizifumua kwa wembe, mshono baada ya mshono, usiku, wiki nzima. Akazikata upya kwa mwili wa kike. Bega lilikaa. Kola ilirudi mahali pake hata ukiivuta. Bitana ilikuwa pazia la satini, imetulia ndani bila kuvuta wala kuning'inia, na kwenye bitana hiyo alikuwa ameweka mfuko wa zipu, karibu na mbavu. Mtu aliyewahi kujaribu kuweka bitana kwenye koti anajua hapo nimetaja kazi ya aina gani. Mimi nilijaribu mara moja nikiwa mwaka wa pili, nikalia.

Jaji wa kwanza akamuuliza, "Msukumo wako ni nini?"

"Baridi," akasema.

Ukumbi ukacheka. Akaendelea, sauti ikishuka: anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anangoja matatu gizani, na alitaka koti la kike lenye mfuko ambao mwizi wa steji hawezi kuufikia. Madukani hakuliona analoweza kulinunua, basi akalitengeneza.

Jaji akatabasamu kwa huruma ile ya mtu anayekaribia kukufundisha kitu. "Hiyo ni shida, si msukumo," akamwambia. "Chimba ndani zaidi."

Hakuna jaji aliyeligusa lile koti. Hakuna aliyelifungua kuona ndani.

Aliyeshinda alikuwa na gauni jekundu lenye shanga za Kimaasai. Kadi yake ilizungumzia morani anayevuka savana akiwa amebeba kumbukumbu za mababu. Jaji mmoja aliisoma kwa sauti, akasimama kidogo katikati kwa sababu ilimgusa. Kadi hiyo niliiandika mimi, nikiwa ndani ya basi la Umoja, kwa dakika ishirini. Mshindi mwenyewe amezaliwa Umoja, wazazi wake ni watu wa Kisii, na Narok anaijua kupitia dirisha la matatu wakisimama kununua chai. Zile shanga zilikuwa zimebandikwa kwa gundi ya moto. Nyuma ya jukwaa gauni lilipasuka kwapani kabla ya mwanamitindo kutoka, na aliyelishika kwa pini alikuwa huyu anayekuandikia.

Simlaumu mshindi. Alisoma mtihani, akajibu kilichoulizwa. Ninajilaumu kiasi. Lakini walioutunga mtihani ndio nina neno nao.

Ndugu majaji, hilo swali lenu ni bovu. Mnauliza msukumo kana kwamba kila kijana anaamka asubuhi akiwa na nafasi ya kutembelewa na maono. Hapa mjini neno hilo tunalijua kwa njia nyingine. Kuna mboga tuliyoipa jina sukuma wiki kwa sababu ndiyo inayotufikisha Jumamosi. Huo ndio msukumo wetu: kodi ya nyumba, baridi, mteja anayetaka nguo ya harusi kesho. Fundi wa Kenyatta Market anayekupimia, anayekata, anayekupa gauni jioni hajawahi kuulizwa amevutiwa na nini. Anaulizwa kama itakutosha. Swali lake ni gumu kuliko lenu, na halina kadi ya kujificha nyuma yake.

Mtaniambia hadithi ina nafasi yake, na mna haki. Baada ya tuzo mliketi kwenye viti virefu mkatusimulia misukumo yenu: Lamu, Paris, nyanya mzaa mama. Mmoja wenu akamtaja Alexander McQueen, jinsi mkusanyo wake wa kuhitimu Central Saint Martins mwaka 1992 ulivyotokana na Jack the Ripper, na Isabella Blow akaununua wote. Ni kweli. Lakini mlisahau nusu ya kwanza. McQueen aliacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kuwa mwanagenzi Savile Row, kwa washonaji wa Anderson & Sheppard, akakaa chini akishona makoti ya wanaume wengine. Alipofika kwenye hadithi ya muuaji wa London, mkono wake ulikuwa tayari unajua koti lina nini ndani. Balenciaga naye mama yake alikuwa mshonaji, na yeye alianza sindano akiwa mtoto. Hadithi zao tunazikumbuka kwa sababu mishono ilizibeba. Nyinyi mnawapa vijana paa na kuwaambia nyumba imekwisha.

Na hizo hadithi mnazozipenda, tuziangalie basi. Shuka nyekundu ya mirabamiraba mnayoiita urithi wa kale ilifika kwa wafanyabiashara. Kabla yake Wamaasai walivaa ngozi. Kitenge tunachokiita cha Kiafrika kina mizizi kwenye batiki ya Java, ambayo Waholanzi waliiga kwa mashine katika karne ya 19 wakaja kuiuza kwetu huku Afrika. Sisemi tuvue. Watu hufanya kitu kuwa chao kwa kukivaa, na Wamaasai wameifanya shuka kuwa yao kabisa. Nasema kijana aliyelelewa Umoja anapoambiwa achimbe ndani zaidi, halafu anapewa alama akirudi na morani, hajachimba ndani yake. Amechimba kwa jirani. Kim Jones alipoweka mirabamiraba ya shuka kwenye nguo za kiume za Louis Vuitton za mwaka 2012, watu walinung'unika, na walikuwa na sababu. Mbona basi kwenye jukwaa letu kufanya vivyo hivyo kunaitwa utambulisho?

Nitawaambia mbona. Morani anauzika. Anatoka vizuri kwenye picha, mfadhili anamwelewa bila kutafsiriwa. Msichana anayengoja matatu saa kumi na moja na simu yake kwenye mbavu hauziki, ingawa ndiye wateja wenu wote watarajiwa.

Halafu mnaongeza: tumieni vitambaa vya hapa. Vya hapa vipi? KICOMI ya Kisumu ilikufa. Rivatex ya Eldoret ilifunga, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007 kuifufua. Mwanafunzi anaingia Eastleigh na elfu moja na mia tano, anatoka na kitambaa kilichopita baharini, kwa sababu ndicho anachokimudu. Yule dada alitumia suti za Gikomba kwa hesabu hiyo hiyo. Mwaka 2020, mtumba ulipozuiwa kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, nusu ya darasa letu ilikosa malighafi. Hiyo ndiyo historia ya mavazi ya kizazi chetu. Ilikuwa imesimama mbele yenu, imekatwa, imeshonwa, imewekwa bitana, nanyi mkaiita shida.

Wakati mwingine nafikiria akina mama wa Mombasa wanavyonunua leso. Hii ni nguo ambayo kweli inaongea, maneno yamechapwa juu yake. Lakini muangalie mama akinunua doti. Anasoma jina, ndiyo, tena kwa makini, maana anajua jirani gani atalisoma. Kisha anaigeuza. Anakagua rangi upande wa pili, anavuta kitambaa kati ya vidole, anatazama kama pindo na mji vimelingana. Jina zuri kwenye leso inayochuja halimpati. Huyo mama ni jaji mkali kuliko watatu wenu, na hana kiti kirefu.

Kwa hivyo mwaka huu, kama mtaitwa tena, nawaomba vitu vitatu. Cha kwanza, pindueni nguo. Kabla ya kuuliza lolote, igeuzeni ndani nje mtazame mishono, pindo, zipu. Uongo wangu haufiki huko. Cha pili, mwambieni mwanamitindo aketi, ainue mikono, apande ngazi tatu. Kama kwapa litapasuka, lipasuke mbele yenu. Cha tatu, ulizeni bei: kitambaa kilikuwa ngapi, saa ngapi za kazi, nani ataivaa na atailipaje. Mkimaliza hayo, na bado kuna muda, ulizeni hadithi. Mtashangaa ngapi zitakuwa zimeshajibiwa.

Na mkitusimulia yenu, hebu tuambieni pia kuhusu mkono wa gauni mlioukata kinyume, kitambaa cha mteja kikaharibika, mkakilipa kwa miezi miwili. Najua kipo. Kila anayeshona anacho. Hicho kingetusaidia kuliko Paris.

Yule dada sasa ana kibanda Githurai. Anabadilisha sare za shule na kufupisha suruali, kwa cherehani ya kukanyaga ya mamake. Nilimpitia mwezi uliopita. Koti alikuwa amelivaa. Nikamwambia ningemwandikia kadi tungeshinda, akanitazama bila hasira, akasema, "Wewe si ulishinda?" Akarudi kwenye suruali ya mtu.

Juzi mwanafunzi mwingine kanitumia picha ya gauni na mia tano juu, hata kabla sijakubali. Msimu wa maonyesho umekaribia. Nimemjibu anitumie picha ya upande wa ndani kwanza. Mpaka leo kimya. Pesa yake bado iko kwa simu yangu, na kodi ni tarehe tano.