Povu la Siki Halifundishi Volkano

Wazazi wa Afrika Mashariki tunaoishi Maryland, Virginia na Washington kwenyewe tumeipokea imani moja bila kuihoji: kwamba mtoto akishika, akikata, akibandika na akimwaga, basi anajifunza. Tumeipokea haraka kwa sababu wengi wetu tulisomea sayansi ubaoni. Tulichora taa ya Bunsen daftarini, tukaandika majina ya sehemu zake zote, na hatukuwahi kuiwasha. Ndiyo maana leo tukimwona mtoto wa miaka minane amevaa miwani ya maabara, vidole vimejaa gundi, roho zetu zinatulia. Tunajiambia kwamba hatimaye mtoto wetu amepata kile tulichonyimwa.

Hajakipata. Amepewa shughuli tu, na shughuli isiyo na lengo la kujifunza ni njia ya kumweka mtoto mahali pamoja hadi saa sita mchana.

Chukua ile volkano ya siki, ambayo sidhani kama kuna programu ya Jumamosi isiyoifanya. Chupa ya plastiki imezungushiwa karatasi zilizolowekwa gundi, zikakauka, zikapakwa rangi ya udongo. Ndani kuna magadi soda, matone ya sabuni ya vyombo na rangi nyekundu ya chakula. Mtoto anamimina siki, povu linapanda shingo ya chupa na kuteremka ubavuni, watoto wanapiga kelele, wazazi wanapiga picha. Ukishamaliza kupiga picha, muulize mtoto kwa nini povu limetoka. Jibu ninalolisikia mara kwa mara ni hili: "Kwa sababu ni volkano."

Hilo jibu linaniuma. Siki ni asidi. Ikikutana na magadi soda hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na sabuni huinasa gesi hiyo ikawa povu. Hakuna mwamba ulioyeyuka hapo, wala joto la kutoka chini ya ardhi. Saa nzima imekwisha, na mtoto hajafundishwa kemia wala jiolojia. Lililo baya zaidi ni kwamba anarudi nyumbani akiamini kuwa sasa anaijua volkano, na mtoto anayedhani anajua haulizi tena.

Haya yanatendeka katika eneo ambalo ni mojawapo ya vituo vikuu vya elimu ya volkano duniani. Taasisi ya Smithsonian, katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili, ina mradi unaoweka kumbukumbu za volkano za dunia nzima tangu 1968. Idara ya Jiolojia ya Marekani ina makao yake Reston, Virginia. Na watoto wetu wana sababu kubwa zaidi ya kuijua volkano kuliko wenzao. Mlima Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndio pekee duniani unaojulikana kutoa siku hizi lava ya magadi badala ya lava ya kawaida ya silika. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, takriban nusu ya joto la lava nyingine, hutoka ikiwa nyeusi, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mlima Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulivamia mji wa Goma Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, kisha ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Wapo watoto wa vitongoji hivi ambao bibi zao waliukimbia moto huo kwa miguu. Hao tunawaonyesha povu la sabuni.

Sasa weka lengo kwanza, uone shughuli inavyobadilika. Lengo liwe hili: mwisho wa saa hii mtoto aweze kueleza kwa nini lava ya mlima mmoja hutiririka mbali na ya mwingine hukwama. Huhitaji chupa wala rangi. Unahitaji sinia lililoinamishwa, maji, asali, na uji wa aina mbili, mwepesi na mzito. Mtoto anatabiri kipi kitafika mbali zaidi na anaandika utabiri wake kabla ya kumwaga chochote. Anamwaga kiasi kilekile cha kila kimoja, anapima kwa rula, anahesabu sekunde. Kisha anaambiwa kwamba lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi sana na huteremka kwa kasi, ilhali lava yenye silika nyingi ni nzito, huikamata gesi ndani yake hadi mlima unapasuka. Mtoto huyo akisikia habari za Goma atajua kwa nini watu walikuwa na muda mfupi wa kukimbia.

Siki na magadi navyo visitupwe. Vipewe lengo lao. Vika puto mdomoni mwa chupa, acha magadi yawe kijiko kilekile kila mara, ongeza siki hatua kwa hatua, pima mzingo wa puto kwa uzi. Utafika mahali ambapo kuongeza siki hakuongezi puto tena, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo: magadi yamekwisha. Mtoto wa darasa la tano akigundua hilo kwa uzi na rula ameingia kwenye kemia kwa mlango wa mbele.

Nitaambiwa kwamba lengo linamfunga mtoto, kwamba tumwache agundue mwenyewe. Hoja hii ina umri mrefu na imepimwa. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alipitia tafiti za tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980 juu ya kuwaachia watoto wagundue bila mwongozo. Muongo baada ya muongo, waliopewa mwongozo walijifunza zaidi ya walioachiwa. Mayer aliliweka bayana jambo tunalolichanganya: mtoto anaweza kuwa na pilikapilika za mwili huku akili imelala, na anaweza kukaa kimya akiwaza kwa nguvu zote. Anayeona mikono tu hajui ni lipi kati ya hayo mawili linatokea.

Nenda pia ukaitazame ndege ya ndugu wa Wright ya 1903, iliyoko Smithsonian tangu 1948. Ndugu wale wawili wanatajwa kila mara kama mfano wa watu waliojifunza kwa kutenda. Ni kweli, lakini walitenda wakiwa na swali. Ndege yao isiyo na injini ya 1901 haikunyanyuka kama majedwali ya wakati ule yalivyoahidi, wakataka kujua kosa liko wapi. Wakatengeneza kisanduku cha upepo na kujaribu mabawa madogo ya maumbo kama 200, wakipima kila moja. Viwango vya sayansi ambavyo Maryland na Washington zilivipokea 2013 vinamdai mtoto wa darasa la tatu hadi la tano jambo hilohilo: apange jaribio la haki, abadilishe kitu kimoja huku vingine vikibaki vilevile, atafute mahali kitu chake kinaposhindwa. Virginia ina viwango vyake yenyewe. Lakini ingia kwenye programu nyingi za wikendi ukaone madaraja ya mirija na gundi: kila mtoto anajenga lake, anapigiwa makofi, analibeba nyumbani. Hakuna aliyelipakia uzito hadi likavunjika. Uhandisi uko pale linapovunjika.

Wengine wanasema lengo linaua furaha. Hao wasome ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti, iliyotolewa hapahapa Washington 2009, juu ya kujifunza sayansi nje ya shule. Imeorodhesha mambo sita ambayo mtoto anaweza kuyapata makumbusho, bustani au kambi ya likizo, na la kwanza kabisa ni msisimko na hamu ya kujua. La mwisho ni mtoto kujiona kuwa yeye naye ni mtu wa sayansi. Furaha basi ni lengo halali, na likiandikwa wazi mwendeshaji atalazimika kuangalia kama kweli limefikiwa, na kwa watoto wote, si wale wawili wanaopenda kujibu.

Sanaa ndiyo inayoonewa zaidi. Siku hizi imeunganishwa na sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa maneno mazuri, kisha inapewa kazi ya kupaka volkano rangi. Alma Thomas, mhitimu wa kwanza wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Howard, alifundisha Shaw Junior High School jijini humu tangu 1924 hadi 1960. Alipostaafu alichora michoro iliyompeleka Makumbusho ya Whitney, New York, 1972, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kufanyiwa maonyesho yake binafsi pale, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitokana na kuutazama mwanga unaopenya majani ya mti mbele ya nyumba yake. Kutazama hufundishika, na huandikwa kwenye andalio la somo kama lengo lingine lolote. Mtoto achore jani kwa kukumbuka, halafu alichore tena akiwa amelishika, kisha aseme ni nini alikuwa hajakiona siku zote. Hapo msanii na mwanabotania wanakaa meza moja.

Sisi hasa hatuna kisingizio, maana tuliyaona nyumbani. Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, Tanzania, Machi 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, ambapo mwanafunzi anajifunza kilimo bora huku akilima. Kwenye shule nyingi likawa jembe tu: watoto walipalilia, wakavuna, na hakuna aliyewauliza kwa nini tuta hili limezaa kuliko lile. Kenya nayo ilipoanza mtaala wa umilisi nchi nzima, 2019, wazazi walilalamika kwamba wanakesha wakitengeneza sanamu za kutishia ndege ili watoto wazipeleke shuleni asubuhi. Sanamu zilifika. Umilisi, kama ulipatikana, ulikuwa wa wazazi.

Kwa hiyo nawaomba wanaoendesha programu za Jumamosi za jumuiya zetu, Silver Spring, Hyattsville, Woodbridge na kwingineko, waandike sentensi moja kabla ya kununua gundi: mtoto ataweza nini saa sita ambacho saa nne hakukiweza. Ibandikwe mlangoni, mzazi aione. Na mzazi akija kumchukua mwanawe, asimuulize ametengeneza nini. Amuulize alitabiri nini na ikawaje, kisha jibu hilo amfikishie mwendeshaji, ili Jumamosi ijayo aanzie hapo.