Ngumi Haipigi Kura

Wahenga walinena kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hii imetumiwa mno na watawala wa bara letu kuwafunza raia unyenyekevu, hata baadhi yetu wakadhani kwamba kuubusu mkono wa mtawala ndio uzalendo wenyewe. Sisi twaisoma vingine. Methali yenyewe yakiri kwamba abusuye, moyoni anatamani kukata. Mtawala yafaa alikumbuke jambo hilo kabla ya kuagiza mkono utengenezwe kwa metali na kusimamishwa hadharani.

Kanali Muammar Gaddafi hakulikumbuka. Mnamo tarehe 15 Aprili 1986, ndege za Marekani ziliishambulia miji ya Tripoli na Benghazi. Raia waliuawa usiku ule, na kilio cha Walibya kilikuwa cha haki. Moja ya shabaha ilikuwa Bab al-Aziziya, kambi ya Kanali mwenyewe katika mji wa Tripoli. Nyumba iliyopigwa iliachwa na majeraha yake ili iwe ushahidi, na mbele yake pakasimamishwa sanamu kubwa ya metali yenye rangi ya dhahabu: mkono uliochomoza kutoka chini, na ngumi iliyofumbata ndege ya kivita ya Kimarekani ikiiponda kama mtu apondavyo kopo tupu.

Mwanasheria akiitazama sanamu hiyo hana budi kuuliza: Je, mkono huu ni wa nani, na umemshika nani? Serikali ilijibu kwamba ni mkono wa umma, na aliyeshikwa ni beberu. Lakini ndege za beberu zilikwenda zao usiku ule ule. Ngumi ilibaki, na waliobaki mbele yake walikuwa Walibya.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi ngumi hiyo ilivyofanya kazi katika vitabu vya sheria. Sheria Nambari 71 ya mwaka 1972 ilipiga marufuku vyama vya siasa nchini Libya, na kutoa adhabu ya kifo kwa mtu aliyeunda au kujiunga na kikundi kilichopinga mapinduzi. Mwezi Juni 1996, katika gereza la Abu Salim, wafungwa wapatao 1,200 waliuawa, kwa mujibu wa mashirika ya haki za binadamu. Jamaa zao walikaa miaka bila kuambiwa neno. Sanamu iliwaonyesha wageni ndege iliyopondwa. Haikuwaonyesha watu waliopondwa.

Iliyoanza kuifumbua ngumi hiyo haikuwa ngumi nyingine. Tarehe 15 Februari 2011 wakili Fathi Terbil, aliyewatetea jamaa wa waliouawa Abu Salim, alikamatwa mjini Benghazi. Wateja wake walitoka barabarani kumdai. Juma moja baadaye, tarehe 22 Februari, Kanali alisimama katika nyumba ile ile iliyobomolewa akaapa kuwasaka wapinzani wake nyumba kwa nyumba. Tarehe 23 Agosti wapiganaji waliiteka kambi, wakaiparamia ngumi ya dhahabu. Baadaye ilipelekwa Misrata, mji ulioteseka sana katika vita hivyo, ikawekwa miongoni mwa mabaki ya silaha ili watu waitazame. Na tarehe 7 Julai 2012, siku ambayo Wakenya waijua kwa jina la Saba Saba, Walibya walipanga foleni kuchagua bunge.

Mkenya asiyacheke ya Tripoli. Katika bustani ya Central Park jijini Nairobi limesimama Jumba la Kumbukumbu la Nyayo, lililojengwa kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, 1978 hadi 1988. Juu yake mkono ulioshika rungu umechomoza kutoka kilele cha Mlima Kenya. Mwaka huo huo wa 1988 raia walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, na mara nyingine mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Kifungu cha 2A, kilichotiwa katika Katiba mwaka 1982, kilikuwa kimekwisha kukifanya KANU chama pekee halali. Ishara ya chama hicho ilikuwa kidole kimoja kilichoinuliwa juu. Wanamageuzi wakajibu kwa vidole viwili, na hekima ya jadi ilikuwa upande wao: kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1992, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye mkono huo wenye rungu, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika bustani ya Uhuru. Polisi waliwapiga. Mikono ya akina mama hao haikuwa na kitu, wala hakuna aliyeichongea sanamu. Lakini ndiyo iliyowatoa wana wao gerezani.

Hapa ndipo pana somo ambalo wengi hulisahau. Kuiondoa sanamu si kuiondoa ngumi. Walibya waliing'oa ile ya Bab al-Aziziya, lakini bunduki zilibaki mikononi mwa makundi mengi, na tangu mwaka 2014 nchi ikawa na mamlaka mbili zilizoshindana. Uchaguzi wa rais uliopangwa kufanyika tarehe 24 Desemba 2021 haukufanyika. Penye ngumi moja pakaota ngumi kumi.

Nasi pia Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, watu wakashangilia kana kwamba sanamu imeanguka. Lakini hadi mwaka 1997 chama halali bado kilihitaji leseni ya mkutano kutoka kwa watumishi wa serikali. Kidole kimoja kilikuwa kimefunguka. Vinne vilibaki vimefumbata. Katiba ya mwaka 2010, kwa kifungu chake cha 37, imempa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Hata hivyo, mwezi Juni 2024 vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha walipigwa risasi, na wengine wakatekwa. Rungu la metali limetulia pale bustanini. La nyama na damu bado latembea.

Kwa hiyo hatudai jumba hilo libomolewe. Jiwe likivunjwa, ushahidi umepotea, na kizazi kijacho kitaambiwa kwamba hapakuwa na rungu. Twadai liandikwe maneno ya kweli: lilijengwa mwaka gani, kwa amri ya nani, raia walipigaje kura mwaka huo, na akina nani walikuwa kizuizini. Twadai pia kila afisa aliyefyatua risasi dhidi ya raia asiye na silaha afikishwe mahakamani kwa jina lake, si kwa jina la idara.

Wakenya wenzetu, ngumi haiwezi kushika kalamu, kupokea ombi, wala kutia karatasi katika sanduku la kura. Ili itende lolote kati ya hayo, sharti kwanza ifumbuliwe. Na haijifumbui yenyewe. Hufumbuliwa kidole kimoja baada ya kingine, na watu wasiochoka.