Bosi amekula mshahara wako? Jua mlango wa kubisha

Tuseme umefanya kazi katika duka moja hapa Kakamega mjini miezi minane. Hakuna barua, mshahara unaingia kwa M-Pesa. Ijumaa moja bosi anakwambia usirudi Jumatatu, na pesa za mwezi huu "tutaona". Utafanyaje? Wengi wetu tunampigia binamu anayesomea sheria, tunalia kwenye status, halafu tunanyamaza.

Kosa la kwanza ni kudhani bila barua huna kesi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kuandika mkataba kazi ikifika miezi mitatu. Asipoandika, ni yeye atakayebanwa kortini athibitishe mlikubaliana nini. Hata ile "wewe ni kibarua tu" haina nguvu anayodhani. Ukishafanya kazi mfululizo mwezi mzima, kukufukuza kunahitaji notisi ya siku 28.

Kosa la pili ni la mlango. Tangu Mahakama ya Madai Madogo ifunguliwe Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na kufika miji mingine, Kakamega ikiwemo, watu wanadhani ni ya kila deni. Siyo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka hukumu ndani ya siku 60. Mteja aliyechukua mali akakataa kulipa, jamaa aliyegonga pikipiki yako, rafiki uliyemkopesha akaingia mitini: hao wapeleke. Lakini mizozo ya ajira na ya umiliki wa ardhi imefungiwa nje waziwazi. Ukipeleka mshahara pale utarudishwa, na siku zinahesabika.

Zinahesabika kweli. Malalamiko ya kufutwa yanafaa kumfikia afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, na huko huhitaji wakili. Kortini una miaka mitatu. Ikipita, hata kesi tamu inakufa. Kama mshahara wako haukuzidi Sh80,000 kwa mwezi, si lazima uende kwa jaji wa leba. Tangu 2018 kuna mahakimu waliopewa mamlaka ya kusikiliza kesi kama hizo.

Na mtoto je? Sheria ya Watoto ya 2022 haiulizi kama mlioana. Wazazi wote wawili wanawajibika, na pa kuanzia ni kwa afisa wa watoto.

Sasa, nisikudanganye: kushinda si kulipwa. Hukumu ni karatasi mpaka upate cha kukamata, na mdaiwa asiye na kitu atakuchekea tu. Kwa hivyo kabla ya kulipa ada ya kesi, jiulize ana nini. Na zile jumbe za bosi, hata za matusi, usizifute kwa hasira. Hiyo "tutaona" yake ya Ijumaa ndiyo inayoonyesha alijua unamdai.