Tutembee Nchi za Wenzetu: Törbel, Kijiji cha Mlimani

Safari yetu ya juma hili yatupeleka Ulaya, lakini hatutawaonyesha miji mikubwa wala viwanda. Twapanda mlimani kuwaamkia wakulima na wafugaji, watu wa jembe na wa ng'ombe, ambao shida zao nyingi mtazitambua mara moja ninyi mnaokaa katika vilima vya Kivu.

Uswisi ni nchi ndogo isiyo na bahari. Upande wake wa kusini kuna jimbo la Valais, nalo ni bonde refu la mto Rhone, lililozungukwa na milima ya Alpi yenye vilele visivyokosa theluji mwaka mzima. Wenyeji ni Wakatoliki tangu kale, na msimamizi wao ni Mtakatifu Theoduli, askofu wao wa kwanza, aliyeishi katika karne ya 4. Ukiacha bonde hilo kubwa kwenye mji wa Visp, ukafuata mto mdogo wa Vispa, kisha ukapanda kwa njia inayojipindapinda ubavuni mwa mlima, wafika Törbel, kimo cha mita 1500 hivi juu ya bahari. Ni komuni ya watu wapatao 500 tu. Ina kanisa lake, baraza lake, na nyumba za mbao zilizopigwa jua hata zikawa nyeusi.

Msiifikirie nchi hiyo kama uwanja uliotandazwa. Ni kama ngazi. Chini kabisa, penye joto, palikuwa na mizabibu; juu yake mashamba ya rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano; kisha kijiji chenyewe na bustani zake; halafu mabustani ya majani yanayokatwa na kukaushwa; halafu msitu; na juu ya msitu, kupita mita 2000, malisho makubwa ya wakati wa joto. Baada ya hapo ni mawe na theluji. Jamaa moja haikuweza kuishi kwa daraja moja tu la ngazi hiyo. Ilihitaji kipande kidogo huku na kipande kidogo kule, na kwa kuwa wana na binti walirithi sawasawa, vipande vilizidi kuwa vidogo. Hata nyumba ziligawanywa: jamaa hii yakaa chini, nyingine yakaa orofa ya juu, na kila moja ina mlango wake. Ghala za nafaka zilisimamishwa juu ya miguu ya mbao, na juu ya kila mguu likawekwa jiwe pana la mviringo, panya asipate njia ya kupanda. Mababu zetu nao waliinua ghala zao kwa sababu hiyo hiyo, ingawa hakuna aliyewafundisha hawa wala wale.

Basi shida kubwa ya nchi hiyo ni majira ya baridi. Theluji hufunika majani kwa miezi mingi, na ng'ombe hukaa zizini wakila majani makavu yaliyovunwa katika siku za joto. Mwenye majani ya kulisha ng'ombe wawili hawezi kufuga watatu. Wa tatu atakufa kabla theluji haijayeyuka. Lakini ikifika miezi ya joto, malisho ya juu yako wazi, na malisho hayo ni mali ya watu wote. Hapo ndipo tamaa huingia. Mwenye fedha angeweza kushuka bondeni, akanunua ng'ombe ishirini, akawanenepesha kwa majani ya wote, kisha akawauza kabla ya baridi. Faida yake peke yake, hasara ya kijiji kizima.

Wazee wa Törbel waliliona jambo hilo mapema. Tarehe 1 Februari 1483 wenyeji walitia sahihi mkataba wa kuanzisha chama cha kusimamia malisho, misitu na nchi zisizolimwa. Na mwaka 1517 ikaandikwa sheria ambayo twaiona kuwa ya busara kubwa: mtu asipeleke malishoni ng'ombe zaidi ya wale anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Tazameni jinsi ilivyo nyepesi. Haikuhitaji mpimaji wa ardhi wala mtaalamu wa mifugo. Kila jirani ajua ghala ya jirani yake ina majani kiasi gani, na kila mmoja ajua ng'ombe wangapi walitoka zizini mwezi wa sita.

Hata hivyo hawakutegemea macho ya jirani tu. Kila mwaka chama kilikutana, kikachagua wakubwa wake, nao waliwaandika kazi wachungaji, wakagawa samadi juu ya malisho, wakapanga siku za kutengeneza njia, na vibanda vilivyovunjwa na poromoko la theluji. Mwenye ng'ombe wengi alitoa kazi nyingi, mwenye wachache alitoa kidogo. Mwenye kuvunja sheria alitozwa faini, na mkubwa aliyemtoza alijipatia nusu ya faini hiyo. Wengine watasema huko ni kumpa mbwa ulinzi wa nyama. Sisi twaona afadhali nusu iliyoandikwa katika sheria, na ambayo kila mtu aijua, kuliko kile kitu kidogo kinachopitishwa chini ya meza. Tena hesabu ya ng'ombe ilifanywa mara wanapofika malishoni, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo iliyoonyesha kila jamaa itapata jibini kiasi gani siku ya kugawana.

Msitu nao ulikuwa wa wote, lakini hakuna aliyeingia na shoka apendavyo. Wakubwa waliitia alama miti ya kukatwa, kisha mafungu yakapigiwa kura, na kila kundi la nyumba likakata fungu lake. Juu ya mlima mkali namna ile msitu ni zaidi ya kuni: ndio ukuta unaozuia theluji isiviangukie vijiji. Habari ya maji ni vivyo hivyo. Ingawa vilele vina theluji, mabonde yale hupata mvua chache, na Stalden, iliyo chini ya Törbel, ni miongoni mwa mahali pakavu kuliko pote katika Uswisi. Kwa hiyo watu wa Valais walichimba mifereji ubavuni mwa milima, wakaleta maji kutoka mbali, na kila jamaa ikawa na zamu yake. Pengine haki ya maji ilichorwa kwa alama juu ya kijiti cha mti, nacho kilitunzwa kama sisi tutunzavyo hati.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Mkataba ule wa 1483 ulikuwa na makali yake: mgeni aliyenunua shamba Törbel hakupata kwa hilo haki yo yote katika malisho wala msituni. Uenyeji ulirithiwa, haukununuliwa. Na wenyeji wenyewe walilipa. Kwa kuwa ardhi haikuongezeka, vijana wengi walichelewa kuoa, na wengi hawakuoa kamwe. Viazi vilipofika katika karne ya 18, chakula kiliongezeka na watu wakaongezeka, lakini mlima ulibaki ule ule. Kutoka Valais ya juu jamaa kadha wa kadha zilivuka bahari hadi Argentina, zikaanzisha mji wa San Jerónimo Norte mwaka 1858. Sheria njema ililinda majani. Haikuweza kuwapa watoto wote nafasi ya kukaa.

Mwaka 1968 mwalimu mmoja wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho yaliyo mali ya wote lazima yaharibike, na wakubwa wengi duniani wakamsadiki. Mwenzake, Robert Netting, alikwenda Törbel, akasoma karatasi za kale na vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na vifo, akatoa kitabu mwaka 1981. Mama Elinor Ostrom akaitwaa habari hiyo katika kitabu chake cha 1990, akaonyesha kwamba mali ya wote si mali isiyo na mwenyewe. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Na leo? Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, wanaume wengi walianza kushuka kila siku kwenda kufanya kazi viwandani Visp, na kulima wakirudi jioni. Mashamba ya rai yakageuka majani, ng'ombe wakapungua. Hatari ya zamani ilikuwa ng'ombe kuzidi majani. Hatari ya sasa ni majani kuzidi ng'ombe, kwa maana malisho yasipoliwa huingiliwa na vichaka, na mfereji usiposafishwa hata mwaka mmoja huziba. Mwaka 2023 UNESCO iliandika katika orodha ya urithi wa wanadamu majira ya malisho ya mlimani ya Uswisi, na pia ufundi wa kale wa kumwagilia kwa mifereji, ambao Uswisi yaushiriki pamoja na nchi nyingine za Ulaya. Heshima hiyo ni nzuri, lakini haiondoi mawe mferejini. Kila majira ya kuchipua lazima wapatikane watu wenye sepetu, tayari kutoa siku yao bila mshahara.