Kitabu cha mifumo ya biashara kitazame na maghala ya ufuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu, pamoja na ya wanafunzi wenzangu, juu ya kitabu tunachosomea utangulizi wa mifumo ya taarifa za biashara.

Mimi ni mwenyeji wa Kilwa Kivinje na ninasoma mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha biashara. Kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza na kimechapwa ng'ambo. Nakala halisi ni moja tu, ya mwalimu. Sisi tunasoma fotokopi ambazo baadhi ya michoro yake imegeuka weusi mtupu. Hivi karibuni tulikaa baada ya kipindi tukakijadili, na maoni yakagawanyika.

Wako waliokisifu. Walisema kimepangwa vizuri, kila sura ina muhtasari na maswali ya kujipima. Hilo ni kweli na sipendi kumpunja mwandishi haki yake. Wako waliolalamikia lugha, kwamba mtu anashinda na kamusi mpaka anasahau alichokuwa akikisoma. Wengine, nami nikiwamo, tulisema tatizo kubwa zaidi ni mifano. Kila ukurasa ni supamaketi zenye matawi mamia, kadi za wateja na mashirika ya ndege. Wengi wetu hatujapata kuingia katika supamaketi ya namna hiyo hata kununua kiberiti.

Katika jaribio tuliulizwa tueleze jinsi taarifa zinavyosafiri kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi na malipo yanavyorudi. Nilikuwa nimekariri mfano wa kitabuni, nikauchanganya, nikapata alama 9 kati ya 20. Jambo la kuchekesha ni kwamba kazi hiyo hiyo ninaifanya kila msimu wa ufuta kwa niaba ya mama yangu!

Wasomaji wa mikoa ya kusini wanaujua mfumo wa stakabadhi ghalani. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, na ulianza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka mazao yake katika chama cha msingi, yanapimwa, anaandikiwa kilo zake na kupewa risiti. Mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani, mnunuzi analipa, na fedha zinaingia katika akaunti ya mkulima benki. Siku hizi minada inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Je, huo si mfumo wa taarifa za biashara? Una watu, taratibu, vifaa na takwimu, kama kitabu kinavyofundisha.

Tena ukiharibika tunaona kwa macho. Msimu mmoja mama yangu alikaa wiki nyingi bila malipo wakati majirani wote wamekwisha kulipwa. Tulipofuatilia tuligundua kwamba karani alikosea tarakimu moja tu ya namba ya akaunti. Kompyuta haikuwa na kosa, ilifanya kama ilivyoambiwa. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa sare na madaftari. Kitabu kina sura nzima juu ya usahihi wa takwimu, lakini hakuna aliyeikumbuka darasani kwa kuwa mfano wake ni wa tiketi za ndege.

Hata historia ya nchi yetu ina somo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuingiza hesabu za Serikali katika kompyuta kwenda mrama. Mwanafunzi wa Kitanzania angepaswa kulijua tukio hilo na sababu zake kabla hajajua kilichotokea katika duka la Chicago.

Mwenzetu mmoja kutoka Nachingwea alipinga. Alisema tukisoma mifano ya ufuta na korosho tu, tutafanya nini tukiajiriwa bandarini au katika kampuni ya kigeni? Hoja yake ina uzito, na mimi sisemi kitabu kitupwe. Lakini kanuni ni zile zile. Mtoto wa pwani hujifunza kuogelea ufukweni kwao, ndipo aende kwenye kina kirefu. Aliyeelewa vizuri risiti ya ghalani hatababaishwa na ankara ya meli.

Kwa hiyo natoa wito kwa wakuu wa vyuo vya biashara na walimu wetu. Andikeni kijitabu cha Kiswahili, hata cha kurasa 40, kisomwe pamoja na kitabu hicho. Kiwe na orodha ya maneno ya somo na maana zake, na mifano ya hapa nchini: stakabadhi ghalani, M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008, mashine za risiti za kodi zilizoanza mwaka 2010, na hiyo habari ya mwaka 1974. Sisi wanafunzi tuko tayari kukusanya habari wakati wa likizo, kila mmoja kijijini kwake, bila kudai posho.

Makarani wa vyama vya msingi na wa maghala wa kesho ndio sisi tuliomo darasani leo. Tukihitimu kwa kukariri, atakayesubiri malipo yake ni mkulima.

Mwanafunzi,
Kilwa Kivinje.