Sato Wakifa, Wapimwe

Sato wakianza kuelea kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, sababu hutajwa kabla mtaalamu hajafika: hewa imepungua majini. Mara nyingi ni kweli. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipanda juu, samaki hufa kwa usiku mmoja. Lakini bila kupima, hakuna anayejua ni lini si kweli.

Virusi vya sato, TiLV, vilitambuliwa na watafiti wa Israel mwaka 2014. Samaki walikuwa wameanza kufa tangu 2009, mabwawani na katika Bahari ya Galilaya. Mwaka 2018 watafiti waliripoti vinasaba vya virusi hivyo katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda, tena wasio na dalili za ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo virusi vingine, ISKNV, viliteketeza sato wa vizimba katika Ziwa Volta, Ghana.

Wavu wa kizimba hauzuii virusi. Ugonjwa wa mfugaji ni wa mvuvi pia, na ziwa letu lina nchi tatu.

Serikali ya Tanzania imewakopesha wananchi vizimba. Sasa ipeleke na upimaji. Kila afisa uvuvi wa wilaya za ziwani apewe kipima oksijeni, barafu na chupa za spiriti za kuhifadhia sampuli. Achukue samaki anayeyumba, kwani aliyeoza hana msaada maabara. Ini, wengu na ubongo vipimwe haraka, na majibu yamrudie mfugaji. Samaki wa mialoni nao wapimwe mara kwa mara, hata pasipo vifo. Vifaranga visivuke mpaka bila cheti cha afya.

Wafugaji wengi watanyamaza wakihofia wanunuzi na benki. Ndiyo maana anayetoa taarifa mapema asaidiwe, asifungiwe biashara kwa sababu ya kusema. Wananchi nao waelezwe wazi kwamba TiLV haijulikani kumwambukiza binadamu.

Virusi hivi havina dawa. Kinachobaki ni kuvigundua mapema na kuzuia visisambae, na kazi hiyo haifanyiki kwa kukisia. Bajeti ijayo ya uvuvi iwe na fungu la upimaji, na wabunge wa kanda ya ziwa walidai kwa jina.