Kata moja, diwani mmoja: kura za walioshindwa huenda wapi?

Ukipakia mchele au ndizi kwenda Dar es Salaam, huenda mzigo wako ukaishia Kariakoo. Anayeupokea yuko sokoni tangu alfajiri. Anataka barabara inayopitika, taka zinazozolewa na kizimba chenye ushuru unaoeleweka. Hayo ni mambo ya halmashauri. Lakini siku ya uchaguzi, mfanyabiashara huyo hapigi kura Kariakoo. Anapiga Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara, kwa sababu mtu hujiandikisha anakoishi.

Kwa hiyo diwani wa Kata ya Kariakoo huchaguliwa na wanaolala Kariakoo, ingawa mchana kata hiyo hubeba watu kutoka jiji zima na mikoani. Hata hao wanaolala hapo hupata mtu mmoja tu wa kuwasemea. Hapo ndipo swali letu la leo linapoanzia.

Kwanza, tukumbushane hesabu. Tanzania Bara, kila kata huchagua diwani mmoja, na anayeongoza kwa kura ndiye mshindi. Tuseme kata ina kura 100. Wa kwanza amepata 40, wa pili 35, wa tatu 25. Wa kwanza anakwenda kwenye baraza. Wapiga kura 60 hawakumtaka, lakini ndiye diwani wao kwa miaka mitano.

Hesabu hiyo ikijirudia kata baada ya kata, baraza zima linaweza kugeuka. Mwaka 2015, vyama vya UKAWA vilishinda kata nyingi Dar es Salaam hadi vikatoa Meya wa Jiji na wa Ilala. Mwaka 2020, katika matokeo ambayo upinzani uliyapinga, CCM ilichukua karibu kata zote. Wafuasi wa upinzani hawakuhama jiji, lakini kwenye baraza karibu hawaonekani.

Je, kuna namna nyingine? Ipo. Scotland nao walikuwa na kata ya diwani mmoja kama sisi. Tangu 2007 wamebadilisha. Sasa kata nyingi zina madiwani watatu au wanne. Jiji la Glasgow lina kata 23 na madiwani 85. Mpiga kura haweki alama ya vema. Anaandika namba: 1 kwa anayemtaka zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea.

Kata ikiwa na viti vitatu na kura 1,000, mgombea akifikisha kura 251 amepita. Akizidisha, ziada huhamia kwa waliopewa namba 2. Kama viti bado havijajaa, wa mwisho huondolewa, na kura zake nazo huhamia kwa wanaofuata katika karatasi hizo. Kundi lenye robo ya kata hupata mtu wake barazani, na kundi kubwa nalo hupata wake.

Kabla hatujashangilia, tukumbuke kwamba viti vitatu si kitu kigeni kwetu. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, kila jimbo la Tanganyika lilikuwa na wawakilishi watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mpiga kura alilazimishwa kuchagua mmoja wa kila rangi. TANU, iliyozaliwa 1954 hapo hapo Kariakoo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, iligawanyika kuhusu kura tatu. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wenzake waingie, nao wakashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka na kuanzisha chama chake. Uchaguzi wa 1960 haukutumia tena kura tatu.

Viti vilikuwa vitatu kote kuwili. Vya Scotland vinagawanywa kwa kura za watu. Vya Tanganyika viligawanywa kwa rangi kabla hata kura haijapigwa. Basi wingi wa viti peke yake hautoi haki. Wala hesabu nzuri haisaidii kama mpiga kura hana wa kuchagua: Oktoba 29, 2025, CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwemo kwenye karatasi ya kura.

Kwa kijijini kuna ugumu mwingine. Ili kupata madiwani watatu bila kuongeza gharama, ingebidi kata tatu ziunganishwe. Mjini hiyo ni mitaa michache. Kwetu ni mwendo wa saa nyingi kwa pikipiki. Diwani mmoja ana faida yake: unamjua, na akiharibu hana wa kumsingizia.

Lakini mtu akikosa mlango wa kupeleka neno lake, hutafuta mwingine. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kero za kodi. Kodi zile si kazi ya diwani, ni kweli. Hata hivyo, Waziri Mkuu alilazimika kwenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza.

Wakati mfumo wetu ni huu, tumia milango iliyopo. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda ukasikilize kama shida ya kata yako inatajwa. Madiwani wanawake wa viti maalum ni wajumbe kamili wa baraza. Kama yupo anayeishi kwenye kata yako, mpelekee hoja pia. Na mgombea akija kuomba kura, muulize mbele ya watu: ukishinda kwa kura 40, wale 60 utawasikiliza lini, na wapi?